Kamera Niliyodai ni Yangu

Kimamba, kibandani, alasiri

Mwanangu Mwajuma,

Usishtuke kuikuta barua hii ndani ya begi lako, chini ya kanga alizokufungia mama yako. Nitaitia kwa mkono wangu mwenyewe jioni hii, nikishahakikisha Kelvin hayuko karibu. Yule rafiki yako simwelewi. Anasema yeye ndiye mtu wa sauti katika filamu mnayokwenda kupiga Mikumi, lakini kila nikimwita haitiki mpaka mara ya tatu. Mtu wa sauti asiyesikia! Wewe cheka tu, mimi nimemwekea jicho.

Saa hizi uko kwa shangazi yako unaaga. Mimi nimefunga kazi mapema, nimeipindua baiskeli ya mteja magurudumu juu ili wapita njia wadhani nina shughuli, na nimekaa nyuma ya mlango naandika. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutolala kwenye chumba kisicho na komeo, mama yako ameshakusomea wiki nzima, hata majirani wameyahifadhi. Sitayarudia. Mimi nina jambo la kamera, na nina jambo langu mwenyewe lililojificha nyuma ya kamera hiyo, na nataka uyajue yote mawili.

Nianze na Ijumaa. Tulikuwa tunakula, wewe una furaha mpaka unamwaga mchuzi. Ukasema, "Baba, kamera tumeshapata. Kaka Deo wa Mikumi anatuazima mwezi mzima, bure."

Nikabaki na tonge mkononi. "Bure?"

"Bure, baba."

"Anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Basi anataka kitu kikubwa."

Mama yako akaniambia nile kwanza, nitashuku nikishashiba. Wewe hukukasirika. Ukanieleza kwa upole kwamba kama sitaki ya kuazima, ipo nyingine ya kununua, ya yule kijana wa stendi ya Mikumi, anaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu mzungu aliisahau hotelini. Nikakuuliza: mzungu gani huyo anayesahau kamera, halafu akakumbuka kuiachia na chaja, na mkoba, na betri ya akiba? Nikaona nimeshinda, na mimi nikishaona nimeshinda mdomo wangu hauna breki. Ndipo nikasema lile neno. Nikasema, "Ukienda huko na kamera ya mtu, radhi yangu usiihesabu."

Uliinuka hukumaliza chakula. Mlangoni ukageuka, machozi yanakulengalenga, ukaniambia, "Baba, wewe unamshuku kila mtu, mpaka kuku wako mwenyewe." Ni kweli. Yule mwenye madoa namshuku. Anakula kwangu na nina hakika anataga kwa jirani. Lakini neno la radhi halikuwa la kuku wala la Deo, na tangu Ijumaa linanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Sikutaka uende Mikumi. Mikumi kuna mtu ninayemwogopa, na huyo mtu ni bibi kizee.

Sasa sikiliza.

Nilipokuwa kijana, sijaoa, nilijifunza kupiga video kwa kumbebea nyaya fundi mmoja wa harusi. Kujua nilijua, ila kamera sikuwa nayo. Kilosa mjini kulikuwa na Bwana Salehe, mwenye duka la picha, mgeni aliyekuja kwa biashara, mtu mkavu lakini muungwana. Alipokufa Babu Kibwana, mkubwa wa ukoo wetu, mtoto wa marehemu alikuwa ughaibuni na hakuweza kuja. Akaomba maziko ya baba yake yarekodiwe. Bwana Salehe akaniazima kamera yake kubwa, ile ya kanda, ya kubeba begani. Sharti lilikuwa moja tu, irudi jioni ile ile, maana kesho yake alikuwa na harusi.

Nikaingia msibani na kamera begani. Usiombe, mwanangu! Watu walinipisha njia. Wazee waliozoea kunituma maji wakaanza kuniita Bwana Mpiga Picha. Na kwenye jamvi la akina mama alikuwapo msichana mmoja kutoka Mvumi, kajitanda kanga kaacha macho tu. Huyo ndiye mama yako. Kaka yake akaniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kamera ya nani hii?" Nikajibu, "Yangu. Nimenunua." Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyopiga chafya.

Unajua misiba ya kwetu haikamiliki bila watani. Na mtani wetu sisi Wasagara alikuwa Bibi Milembe, Mnyamwezi, aliyeletwa Kimamba na kazi ya mkonge pamoja na mumewe, mume akafa, mkonge ukafifia, yeye akabaki. Mimi aliniita mume wangu tangu sijaota meno. Kila nilipompita nikasema, "Shikamoo, bibi," hakuitikia kama watu wengine wanavyoitikia. Alisema, "Toka hapa! Mume gani miguu kama spoku? Utanioa wewe, au utanisindikiza kaburini?" Nami nilimwita mla michembe, vile viazi vikavu vya kwao, tukacheka mpaka akashika mbavu. Nilipougua surua utotoni, ndiye aliyekesha na mimi, ananipangusa huku ananitukana. Nilimpenda sana yule bibi, Mwajuma, na nakuambia hivi ili ujue nilichokifanya nilimfanyia nani.

Siku hiyo alikuja na kundi lake. Wakaziba njia ya jeneza, wakamwigiza marehemu anavyotembea na anavyobana pua akikataa kutoa sadaka, wakadai walipwe ndipo azikwe. Watu walikuwa wanalia huku wanacheka. Halafu akaniona mimi. Akaja mbio, akaninyang'anya kamera, akaifunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga. "Nimepata mjukuu!" akapaza sauti. "Wasagara waoga nyie, maiti wenu wenyewe mnamchungulia kwa tundu! Mtoto huyu simtoi mpaka mume wangu aje kumkomboa siku ya kuanua matanga."

Desturi unaijua. Mtani akichukua chako msibani hununi. Unakikomboa kwa jogoo au kwa mfuko wa sukari, watu wanacheka, yanaisha. Lakini desturi hiyo hiyo ina mpaka wake, kwamba kitu cha mtu baki hakichezewi. Ningemnong'oneza tu, "Bibi, hii si yangu, nimeazima," angeifungua saa ile ile, na siri yangu angenifichia. Nikafungua mdomo. Nikatazama jamvi la akina mama, nikayaona yale macho. Nikacheka kama mwenye mali.

Jioni Bwana Salehe akafika na pikipiki yake. "Kamera yangu iko wapi?"

Bibi Milembe akadhani huyu naye ameingia kwenye mchezo, akaanza kumzunguka akicheza, anampungia mkono, "Mbeleko hii haifunguliwi bure, bwana weee!" Lakini Bwana Salehe hakuwa na utani na mtu yeyote upande huu. Yeye aliona mali yake mgongoni kwa mtu asiyemjua. Akaondoka, akarudi na mgambo wawili. Wakamfungua bibi kanga yake mbele za watu, wakamshika mkono, wakampitisha sokoni, mtu mzima yule, na vumbi la msiba bado liko miguuni.

Kwa mtendaji niliulizwa swali moja. "Ulimpa, au aliichukua?"

Mama yako na kaka yake walikuwa wamesimama mlangoni.

Nikasema, "Aliichukua."

Na kweli aliichukua, si uongo. Lakini kila aliyekuwa ndani ya chumba kile alijua kuna neno nimelimeza. Bibi Milembe alinitazama, akasubiri niseme lililobaki. Sikulisema. Akakaa pale sakafuni mpaka wazee walipokuja kumwombea na kueleza mambo ya utani, Bwana Salehe akachukua kamera yake, na shauri likaishia hapo.

Siku ya kuanua matanga watani hawakuja. Msiba wa Babu Kibwana uliisha kimyakimya, watu wanakula wali wanaangalia chini. Siku chache baadaye nikakutana na Bibi Milembe kwenye njia ya reli. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Niliyatamani! Akasimama, akanijibu kwa adabu zote, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Kisha akapita zake. Hajanitukana tena mpaka leo. Baadaye akahamia Mikumi kwa binti yake, nami, Mungu anisamehe, nikashusha pumzi.

Na mama yako je? Tulipokwisha kuoana aliniambia, huku anakuna nazi, wala hakuinua uso, "Ile kamera nilijua si yako. Mkanda wake ulikuwa umeandikwa jina la duka." Nilikosa pa kuweka uso wangu. Nilikaa pale jikoni nikamsaidia kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Basi tangu hapo nikaapa sitaazima cha mtu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, umenisikia nikiisema mpaka masikio yamekuota sugu. Nikauza mbuzi, nikauza na baiskeli yangu nzuri, nikaenda Morogoro nikanunua kamera ya kwangu. Ndiyo hiyo iliyomo kwenye sanduku la bati, uliyokatazwa kuigusa tangu ukiwa unatambaa. Ulikuwa unadhani humo mna dhahabu.

Nikadhani sasa nimepona. Wapi! Mwenye kuazima anaogopa mpaka siku ya kurudisha. Mwenye kununua, kama ana roho kama yangu, anaogopa siku zote. Kwenye harusi sikula, kwa sababu nikila nitaiweka chini. Mtoto akisogea, namfukuza. Bwana harusi mmoja aliomba achungulie tu uso wa mkewe kwenye kioo cha kamera, nikamwambia asubiri kanda. Watu wakaanza kuwaita wapiga picha wengine, wenye kamera mbovu na roho nzuri. Mama yako alikuwa akiniona naifungia sandukuni na vidonge vya nondo ananiambia, "Mficha uchi hazai, baba Mwaju." Nikamjibu kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Tukawa tunarushiana methali kama watoto wanaorushiana mawe.

Mama Pili, jirani yetu, alikuja siku moja kuniomba niende, au nimpe mwanawe kamera aende, kumrekodi mama yake mgonjwa pale kitandani anawaaga wajukuu. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikasema maji yataingia. Yule mzee alifariki kabla mvua haijakatika. Mama Pili hajawahi kunisema, ila kila akinisalimia nasikia ile mvua. Na siku nilipoifungua kamera baada ya masika, lenzi ilikuwa imeota ukungu ndani, mweupe, kama mkate uliosahauliwa. Haikuibiwa wala haikuanguka. Niliilinda mpaka ikafa.

Kwa hiyo mimi, mwanangu, niliazima nikaharibu, nikanunua nikaharibu. Ijumaa ulipokuwa unaniuliza kipi bora, ulikuwa unamuuliza mtu aliyeanguka kwenye mashimo yote mawili, halafu anakuambia barabara ndiyo mbaya.

Sasa jambo la Jumapili. Nilikuambia naenda Kilosa kununua spoku. Uongo. Spoku ninazo za kunitosha mpaka kiama. Nilifika Kilosa nikapanda basi la Mikumi, kwenda kumchunguza huyo Deo wenu.

Chumba chake cha picha kiko karibu na stendi, kama unavyojua, pazia jekundu, stuli moja, kioo kimepasuka pembeni. Nikasema nataka picha ya pasipoti. Pasipoti ya kwenda wapi, hata mimi sijui. Mle ndani kulikuwa na wateja wawili watatu, na msichana mmoja aliyekuja kuchukua picha zake, ambaye Deo alikuwa anamwonyesha meno yote aliyopewa na Mungu. Nikasema moyoni, ahaa, huyu ni mimi kabisa, sasa tutaona. Kamera ilikuwa inaning'inia ukutani, nyeusi, safi, inang'aa. Nikaisogelea.

"Kijana, hii mashine nzuri. Ya kwako?"

Nilimtegea pale pale, mbele ya yule msichana. Nilitaka nimwone akivimba.

Deo hata hakugeuka, alikuwa anafuta kioo. "Hapana, mzee. Ya dada yangu, anafundisha Dodoma. Kaniazima tu. Na mwezi huu nawaazima vijana fulani wa Kimamba wanatengeneza filamu, nimeshamwomba ruhusa, kakubali, ila kasema isiingie maji."

Aliyasema hivyo, Mwajuma, kama mtu anayesema leo kuna jua. Yule msichana hakumwona mdogo. Alichukua picha zake, akacheka, akasema dada huyo ana moyo. Mimi nikahisi jasho linanishuka mgongoni, palepale bibi alipokuwa ameifunga ile kamera kwenye mgongo wake. Neno lile lile lililonishinda mimi, huyu kalitoa huku anafuta kioo.

Lakini unanijua. Sikuridhika. Nikasema kimoyomoyo, mjanja huyu, kajifunza kusema ukweli ili aaminiwe. Nikadai nizungumze na huyo dada. Akanipigia, akanipa simu. Kabla sijamaliza salamu, sauti ya mwanamke ikasema, "Shikamoo, baba. Wewe ndiye baba yake Mwajuma, sivyo? Alituambia utakuja tu."

Deo akainama nyuma ya pazia anacheka mpaka anakohoa. Kumbe walijua tangu nilipoingia! Nilimwomba asikuambie. Sijui kama amekaa kimya, nawashuku wote wawili. Nikamuuliza maswali yangu yote: betri ya nani, lenzi ikipasuka nani anabeba, kadi yenye picha zenu inabaki kwa nani. Akanijibu moja moja, na ya kadi akasema, "Kadi ni yao, mzee. Kamera ya dada, picha za kwao." Nikakosa pa kumshika. Alinipiga na ile picha ya pasipoti, akakataa kulipwa. Hapo nikaanza kumshuku upya, nikaiacha pesa chini ya stuli.

Kwa hiyo azima. Ndiyo, ni mimi nasema. Ile ya stendi achana nayo kabisa. Kitu ambacho mwenyewe wa kwanza hajulikani, siku moja atajulikana, na atajulikania mikononi mwako. Na hata mngepata ya halali, mnachokichanga ninyi watatu mkikimalizia kwenye kamera, mtakula nini huko? Kamera haili ugali, lakini inakula ugali wenu. Yule msichana mwenzenu anayewaigizia dereva wa lori lililokwama Mikumi hawezi kukwama kwa njaa ya kweli. Siku mtakapokuwa mmejua kazi, na mna pa kuiweka, na mna roho ya kuiazimisha, nunueni. Kabla ya kuipokea ile ya Deo, irekodi kwa simu yako, mikwaruzo yote, Deo mwenyewe akiwapo anasema. Hilo si la kumshuku yeye. Basi, kidogo ni la kumshuku.

Na kila atakayeigusa, au kuiulizia, au kuisifia, mwambie ni ya nani. Mwambie kabla hajamaliza kuuliza. Hata kama kuna kijana anakutazama. Hasa kama kuna kijana anakutazama.

Nimebakiza moja, nalo ndilo lililonifanya nipindue baiskeli ya watu.

Nilipotoka kwa Deo nilitembea mpaka mtaa anaoishi Bibi Milembe. Nyumba nilielekezwa na watoto. Nilimwona kwa mbali, kakaa kibarazani, anapepeta, kawa mdogo sana, mikono ile ile. Nilisimama nyuma ya mgomba wa watu kama mwizi wa ndizi. Nikafikiria nitasema nini. Mtani haombwi msamaha, Mwajuma. Ukienda kwake na uso wa huzuni na maneno ya nisamehe, umeshamfanya mtu baki. Mtani anachokozwa. Nami sikuwa na cha kumchokozea mkononi. Nikarudi stendi.

Chini ya barua hii kuna kitu kizito nimekifunga kwenye kanga. Ni kamera yangu, ile ya sandukuni. Usihangaike kuiwasha, ilishakufa zamani, kwa filamu haifai hata kuwekea mlango usifungwe na upepo. Lakini ni yangu. Nimeinunua kwa mbuzi wangu na baiskeli yangu, na hakuna binadamu atakayekuja na pikipiki kuidai.

Ukifika, kabla hamjaanza filamu yenu, nenda kwa Bibi Milembe. Msalimie vizuri. Mwambie wewe ni mtoto wa yule mume wake mwenye miguu kama spoku. Ivae begani, simama mbele yake, mwambie, "Baba amenunua kamera, hii ni yake mwenyewe, hakuazima kwa mtu." Halafu usiseme tena. Kama mikono yake bado ni ile niliyoiona, atajua la kufanya. Akikunyang'anya usimzuie, usicheke sana, mwambie tu nitakuja kuikomboa mwenyewe, na jogoo nitamleta. Mwangalie lakini na wajukuu zake, wasije wakaiuza kabla sijafika. Ile familia naijua.

Radhi yangu, Mwajuma, unayo. Ulikuwa nayo hata Ijumaa nilipokunyima, kwa sababu haikuwa yangu kuizuia kwa kosa langu mwenyewe. Nimekukosea, mwanangu. Tengeneza filamu yako.

Sasa naogopa, acha niseme wazi. Naogopa ataitazama ile kamera, ataiweka chini, na atasema, "Marahaba, mwanangu, msalimie baba yako." Akisema hivyo usinipigie simu. Nitajua kwa kimya chako, na nitakuwa nimestahili.

Lakini akifungua mdomo akaanza kunitukana, basi kimbia kwa Deo. Chukua kamera ya dada wa watu, rudi nayo, mwambie bibi kwanza ni ya nani, kisha iwashe. Nirekodie yote, miguu yangu, uoga wangu, ukoo wangu mzima. Bibi asifupishe. Na huyo Kelvin, kama kweli ni mtu wa sauti, siku hiyo asikie.

Baba yako